Bibi wa Maabara Anajibu: Sindano ya Mama, Ini Linalosikia na Unga wa Kurefusha

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja, homoni, yaani kemikali zinazobeba ujumbe mwilini kupitia damu, ingawa waandishi wake hawajuani. Mhariri alitaka nichanganye na maswali ya malaria na minyoo. Nimemkatalia. Nimefanya kazi maabara hapa Kigoma mpaka nikastaafu, na miaka yote hiyo watu waliniuliza sukari yao ni ngapi. Ni wachache sana waliouliza mwili unajuaje cha kufanya na hiyo sukari. Leo wameuliza.

Shikamoo Bibi. Mama yangu anachomwa insulini asubuhi na jioni. Baba mdogo naye ana sukari, lakini anameza metformini tu. Mama analalamika kwamba anaonewa. Kwa nini insulini isitengenezwe kidonge? Halafu sisi hatuna friji, chupa tunaiweka juu ya kabati. – Muuza dagaa, Kibirizi

Marahaba binti yangu. Mwambie mama haonewi na mtu. Insulini ni protini ndogo, ya jamii inayoitwa peptidi. Ina asidi amino, yaani vijenzi vya protini, 51 zilizopangwa katika nyuzi mbili, mmoja wa 21 na mwingine wa 30, na nyuzi hizo zimeshikanishwa kwa viungo vya salfa. Aliyefumbua mpangilio huo ni Frederick Sanger kule Cambridge, na ndio uliompa Nobel ya kemia mwaka 1958.

Sasa tumbo la mtu kazi yake ni kukatakata protini. Haliulizi kama protini hiyo ni ya samaki mgebuka au ya chupa ya duka la dawa. Mama akimeza insulini, pepsini itaanza kuikata tumboni, vimeng'enya vya kongosho vitamalizia utumboni, na kitakachofika kwenye damu ni asidi amino mojamoja, zilezile ambazo angezipata kwenye sahani ya dagaa. Hata ikinusurika nzima, ni kubwa mno kupenya ukuta wa utumbo. Metformini ya baba mdogo si peptidi. Ni molekuli ndogo ambayo tumbo haliwezi kuikata, na kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari ovyo.

Watu wamejaribu sana kuizunguka shida hii. Iko peptidi nyingine ya kutibu sukari, semaglutaidi, ambayo Marekani iliiruhusu kama kidonge mwaka 2019. Imechanganywa na kemikali ya kuisaidia kupenya, inamezwa tumbo likiwa tupu kwa maji kidogo, na bado kinachofika damuni hakitimii hata asilimia 1 ya ulichomeza. Kwa dawa ile wanaona hasara hiyo inavumilika. Kwa insulini haivumiliki, kwa sababu kipimo chake kinatakiwa kiwe sawasawa kila siku; ikizidi kidogo tu, sukari inaporomoka na mgonjwa anazimia.

Juu ya kabati, chini ya bati, hapana! Chupa ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi joto 2 hadi 8. Ukishaanza kuitumia inaweza kukaa nje ya friji kama wiki nne, mradi joto la chumba lisipite nyuzi 25 au 30, kutegemea aina, kwa hiyo soma karatasi ya ndani ya boksi. Tafuta vyungu viwili, kidogo uingize ndani ya kikubwa, katikati ujaze mchanga, mchanga uuloweshe kila siku na juu ufunike kitambaa kibichi. Hutafikia nyuzi 8, ila utakuwa chini ya joto la chumba. Kiangazi, Juni mpaka Septemba, vyungu hufanya kazi vizuri zaidi kuliko masika, maana hewa kavu ndiyo inayokausha maji na kupoza. Na hao majirani zako wenye masanduku ya barafu ya samaki, usiwape chupa wakutunzie. Insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Itupe.

Shikamoo Bibi. Nasoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kidato cha sita. Kitabu kinasema homoni za steroidi zinapenya utando wa seli, ila za peptidi hazipenyi. Kama homoni haiingii ndani, inaiamrishaje seli? Na kwa nini glukagoni, homoni inayoamuru akiba ya sukari iachiliwe, inaligusa zaidi ini wakati damu inakwenda mwili mzima? – Mwanafunzi, Ujiji

Marahaba mjukuu wangu. Hapa nitakaa sana, wengine mnisamehe.

Utando wa seli ni mafuta. Steroidi kama kotisoli na estrojeni zimetokana na kolestero, kwa hiyo zinapita kwenye mafuta hayo bila shida na kwenda kukutana na vipokezi vyao huko ndani. Peptidi ni kubwa na inapenda maji. Mafuta yanaikataa, inabaki nje. Lakini nje hapo kuna vipokezi, yaani protini zilizochomekwa kwenye utando zikapenya upande wa pili, sehemu moja ikitazama damu na nyingine ikitazama ndani ya seli. Homoni inashika sehemu ya nje, kipokezi kizima kinabadili umbo, na sehemu ya ndani inaanza kufanya jambo ambalo haikuwa ikilifanya. Homoni yenyewe haijavuka.

Mimi nimekulia Kalya, kwenye Ziwa Tanganyika kusini mwa Kigoma. Zamani meli ya Liemba ilikuwa haifungi gati kwetu. Ilisimama mbali usiku ikapiga honi. Honi ileile ilisikika nyumba zote. Mwenye mzigo au mgeni alikimbilia mtumbwi, asiye na shughuli na meli akajigeuza upande wa pili akaendelea kulala. Meli haikuingia nyumba ya mtu kumwamsha, na honi haikusema nani abebe nini. Glukagoni ni hivyo. Inazunguka na damu mwili mzima, lakini ini ndilo lililojaa vipokezi vyake. Msuli hauna vya kutosha, kwa hiyo glukagoni inaupita tu, na ndiyo maana akiba ya sukari iliyo kwenye msuli haiachiliwi kwa amri ya glukagoni.

Ushahidi kwamba homoni haina haja ya kuingia ulipatikana miaka ya 1950 kule Cleveland, Marekani, na kwa mtu wa maabara kama mimi hadithi hii ni tamu kuliko zote. Earl Sutherland na wenzake walisaga maini ya wanyama mpaka seli zikapasuka, halafu wakatenganisha mabaki mazito, yenye utando, na maji yaliyobaki. Walipotia glukagoni au adrenalini kwenye maji peke yake, hakikutokea kitu. Walipoitia kwenye utando, kikatoka kitu kidogo ambacho hata ukikichemsha hakiharibiki. Protini ukizichemsha huharibika, kwa hiyo hiki hakikuwa protini wala hakikuwa homoni yenyewe. Wakakichukua kitu hicho, wakakitia kwenye yale maji ambayo homoni haikuyafanya lolote, na kile kimeng'enya kinachovunja akiba ya sukari kikaamka. Kitu hicho ni AMP ya mzunguko, ile mnayoiandika cAMP kwenye daftari, na Sutherland alipewa Nobel mwaka 1971. Wanasayansi wengine hawakumwamini mwanzoni. Kemikali moja inayobeba ujumbe wa homoni nyingi tofauti, iweje? Jibu ni kwamba maana ya ujumbe iko kwa seli inayoupokea: cAMP kwenye ini inaachilia sukari, cAMP kwenye figo inarudisha maji mwilini.

Kati ya kipokezi na cAMP kuna mtu wa katikati ambaye Sutherland hakumjua, protini za G. Martin Rodbell na Alfred Gilman ndio waliozifumbua, wakapata Nobel mwaka 1994. Kipokezi cha glukagoni kikishikwa kinaziamsha protini kadhaa za G. Kila moja inakiamsha kimeng'enya kinachotengeneza cAMP nyingi. Hizo zinaamsha kinezi, yaani vimeng'enya vinavyobandika fosfeti kwenye protini nyingine, na kila kinezi kinaamsha vingine vingi. Kwa hiyo homoni chache sana zinatosha. Kwenye damu peptidi hizi zipo kwa kiasi kidogo mno, kidogo kuliko glukosi kwa mamilioni, na bado ini zima linatii. Mtihani ukikuuliza kuhusu ukuzaji wa ishara, andika hatua hizo moja baada ya nyingine, usiandike tu kwamba "ishara hukuzwa".

Insulini inatumia njia tofauti, na walimu wengi wanazichanganya. Kipokezi chake hakihitaji protini ya G. Chenyewe ni kinezi. Kina vipande viwili vya nje na viwili vinavyopenya utando. Insulini ikishika nje, vile vipande vya ndani vinabandikiana fosfeti kwenye asidi amino iitwayo tairosini. Fosfeti hizo zinaita protini nyingine, hizo zinaita nyingine, na mwisho wa mlolongo, kwenye seli za msuli na za mafuta, vifuko vilivyokuwa vimelala ndani vinapanda mpaka kwenye utando. Vifuko hivyo vimebeba GLUT4, protini ya kupitishia glukosi. Hapo ndipo sukari inapoingia. Kumbuka basi kwamba insulini haipitishi sukari. Inaiambia seli ipandishe kipitishio ilichokuwa nacho tayari.

Kuzima ishara ni kazi sawa na kuiwasha, na vitabu vyenu vinaipa mistari miwili. Insulini ikitoka kongosho nusu yake inatoweka damuni ndani ya dakika 4 hadi 6. Protini ya G ina saa yake yenyewe, inajizima. cAMP ina kimeng'enya cha kuivunja. Fosfeti zina vimeng'enya vya kuzibandua. Na kipokezi kilichoshikwa mara nyingi kinamezwa na seli pamoja na homoni yake. Kwa hiyo, ukitaka kuwa mbishi darasani, insulini huwa inaingia ndani ya seli, ila inaingia kwenda kuvunjwa, ujumbe ukiwa umeshafika.

Bi. Mkubwa, nina miaka 52, ni fundi cherehani, nakaa kwenye kiti kutwa. Sukari yangu iko juu. Daktari akaagiza na kipimo cha insulini, majibu yakarudi kwamba nayo iko juu. Hospitali nyingine niliambiwa kipimo kimekosewa, maana mwenye sukari hana insulini. Nimwamini nani? – Fundi, Kasulu

Kaka yangu, mwamini wa kwanza. Huyo wa pili amebaki mwaka 1922.

Mwaka huo, Januari, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa insulini kule Toronto baada ya kazi ya Banting, Best, Collip na Macleod, akaponea kwenye mlango wa kaburi. Yeye kongosho lake lilikuwa limeacha kabisa kutoa insulini, na kwa miaka mingi iliyofuata wengi wakadhani kila mwenye sukari yuko vile. Hakukuwa na njia ya kupima kitu kidogo namna ile kwenye damu. Njia ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1950 kutoka Bronx, New York. Rosalyn Yalow na Solomon Berson walitumia insulini yenye alama ya mionzi na kingamwili zinazoishika. Waliipima damu ya watu wazima wenye sukari wakakuta insulini imejaa, mara nyingine kuliko ya watu wazima wa afya. Yalow alipata Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa ameshafariki.

Yako ni hiyo. Kongosho linatuma, damu inafikisha, lakini msuli na ini havisikii vizuri. Sehemu ya shida ni vipokezi kupungua juu ya seli, kwa sababu seli iliyozungukwa na insulini nyingi muda wote inavimeza. Sehemu kubwa zaidi iko ndani, kwenye ule mlolongo niliomweleza mwanafunzi wa Ujiji: mafuta yakijaa ndani ya seli za msuli na za ini, fosfeti zinabandikwa mahali pasipotakiwa na ujumbe unafifia njiani. Ini nalo lisiposikia linaendelea kumwaga sukari usiku, ndiyo maana unaamka na sukari ya juu na hukula kitu tangu jana jioni. Kongosho linajibu kwa kutuma insulini zaidi. Linaweza kufanya hivyo miaka, baadaye linachoka.

Sasa sikiliza habari njema, nayo inakuhusu wewe wa kwenye kiti. Msuli unaofanya kazi unapandisha GLUT4 kwa njia yake mwenyewe, bila kungoja insulini. Ukipanda ile milima ya Kasulu kwa miguu, sukari inaingia kwenye mapaja hata kama vipokezi vyako vimekuwa viziwi, na baada ya hapo msuli unaisikia insulini vizuri zaidi kwa saa kadhaa. Simama kila saa, tembea baada ya kula. Punguza ujazo wa ugali, na mawese pia. Najua hayana sukari, lakini yana mafuta matupu, na kitambi ndicho kinacholisumbua ini. Dawa zako usiziache.

Bibi, nimejifungua mtoto wa kwanza mwezi uliopita. Nikiwa sokoni nikasikia mtoto wa mtu mwingine analia, maziwa yananitoka mpaka gauni linalowa. Mama mkwe anasema ni damu za mtoto wangu zinaniita. Ni kweli? Na ile sindano ya paja niliyochomwa mara tu baada ya kuzaa ilikuwa ya nini? – Mama, Uvinza

Hongera mwanangu. Maswali yako mawili yana jibu moja, oksitosini. Ni peptidi fupi sana, asidi amino 9 tu. Inatengenezwa kwenye hipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, inahifadhiwa kwenye tezi ya pituitari, na inamwagwa damuni mtoto anaponyonya. Ikifika titi inashika vipokezi vya seli ndogo zilizozunguka vifuko vya maziwa. Kiwango cha kalisi (kalsiamu) kinapanda ndani ya seli, seli zinajikunyata, maziwa yanasukumwa nje. Ubongo ukishazoea, hauhitaji mdomo wa mtoto. Kilio kinatosha, na haubagui cha nani. Mama mkwe usibishane naye, beba kanga ya pili.

Ile sindano ni oksitosini hiyohiyo, uniti 10, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, ili mji wa mimba ubane mishipa ya damu iliyoachwa wazi kondo linapotoka. Ungechomwa sindano hiyo ukiwa na mimba changa, mji wa mimba ungeitikia kidogo sana. Kuelekea mwisho wa mimba, misuli yake inaongeza vipokezi vya oksitosini maradufu kwa maradufu, kwa hiyo kiasi kilekile cha homoni kinaleta nguvu kubwa. Wakunga wanaonisoma wanajua jambo jingine: ikikaa kwenye joto inapoteza nguvu, kama insulini. Mahali pake ni nyuzi 2 hadi 8, na friji ya zahanati isiyo na umeme wa uhakika ni hatari kwa mzazi kama ulivyo upungufu wa damu.

Nikiwa hapo, tofauti ndogo ina maana kubwa. Vasopresini, homoni inayoiambia figo irudishe maji, nayo ina asidi amino 9, na saba kati ya hizo ni zilezile za oksitosini. Mbili tu ndizo zimebadilika. Zinatosha kuipeleka kwenye kipokezi kingine, ingawa si usalama kamili: mama akipewa oksitosini nyingi sana kwa dripu, figo zake zinaanza kuzuia maji.

Mwangaluka Bibi. Mwanangu wa miaka 11 ni mfupi kuliko wenzake. Kwenye basi nimeuziwa unga, anasema una homoni ya ukuaji, vijiko viwili kwenye uji. Nimpe? – Baba, Tabora

Usimpe. Homoni ya ukuaji ina asidi amino 191. Ukitaka kujua itafanywaje ndani ya uji, rudi kwenye jibu la muuza dagaa wa Kibirizi. Ya kweli inachomwa sindano, inatunzwa kwenye baridi, bei yake haifanani na ya basi, na hakuna daktari anayeitoa bila vipimo. Huo unga ukiwa na chochote cha kumnenepesha mtoto haraka, basi hofu yangu ni steroidi, ambazo zikitumika muda mrefu hupunguza urefu.

Tena kuwa na homoni peke yake si hoja. Mwaka 1966 Zvi Laron wa Israeli na wenzake waliandika kuhusu watoto wafupi sana ambao homoni ya ukuaji ilikuwa nyingi damuni. Baadaye ikabainika kipokezi chao kina kasoro. Kwa kawaida homoni hii ikilifikia ini, ini linatoa homoni nyingine, IGF-1, na hiyo ndiyo inayosukuma sehemu kubwa ya ukuaji wa mifupa. Ini la watoto hao halikusikia, IGF-1 haikutoka. Kuwachoma homoni ya ukuaji hakuwasaidii hata ukiwachoma kila siku. Wanachomwa IGF-1 yenyewe. Kundi kubwa la watu wenye hali hiyo wanaishi kusini mwa Ecuador, na waliofuatiliwa huko kwa miaka mingi wamekutwa na saratani na kisukari kwa uchache wa kushangaza.

Mtoto wako huenda hana ugonjwa wowote. Wewe na mama yake mna urefu gani? Mpeleke kwa daktari wa watoto na kadi yake ya kliniki ya tangu mchanga, waone mstari wake wa ukuaji umeinama lini, kama umeinama. Wataangalia kama anakula vya kutosha, kama ana minyoo, selimundu, tezi ya shingo, halafu wanaweza kumpiga picha ya kiganja cha kushoto kuona mifupa yake ina umri gani. Mifupa ikiwa nyuma ya miaka yake, bado ana muda wa kurefuka.